Mfupa wa Ishango haiko mashini ya kuhesabu, na kwangu hiyo haipunguzi kitu

Kila baada ya siku kidogo ile foto inarudi mu magrupu ya WhatsApp ya hapa Goma. Mnaijua. Mfupa mdogo wa kahawia, mikato mikato pembeni, halafu juu maandishi makubwa ya njano: MATEMATIKI ILIZALIWA KIVU, KOMPYUTA YA KWANZA YA DUNIA, tuma kwa watu kumi kama wewe ni mtoto wa Congo kweli. Na watu wanatuma, wanaweka moto, wanaweka bendera, ma tantine wanaweka mikono ya kuomba, na mimi nawaelewa kabisa, kwa vile tunaishi hapa mtu anatafuta hata kitu kidogo ya kujisifia nayo. Lakini muniache niseme yangu. Ile post inanichokesha, juu inakimbilia kitu yenye hakuna mtu anaweza kuhakikisha, na inaruka kitu kizuri zaidi chenye kiko pale pale mbele ya macho.

Yenye inajulikana ni hii. Mwaka 1950 mjeolojia mmoja wa Ubelgiji, Jean de Heinzelin, alikuwa anachimba Ishango, pale maji ya ziwa Edouard yanatokaga kuingia mu mto Semliki, ndani ya parke ya Virunga, fasi ya viboko na ndege, wavuvi wa Kyavinyonge wanakujua. Akatoa mfupa wa urefu wa sentimeta 10 hivi. Juu yake kuna safu tatu za mikato, na mikato imepangwa vikundi vikundi. Safu moja: 9, 19, 21, 11. Ingine: 19, 17, 13, 11. Ya tatu: 3, 6, 4, 8, 10, 5, 5, 7. Mukijumlisha munapata 60, 60 na 48. Umri wake, kwa vipimo vya sasa, ni karibu miaka 20,000. Leo iko Bruxelles, mu muze ya sayansi ya viumbe.

Hapo njo fitina inaanzia. De Heinzelin mwenyewe alifikiri ni mchezo wa hesabu, akaonyesha kama 11, 13, 17 na 19 ni namba zenye hazigawanyiki, zote zenye ziko kati ya 10 na 20, halafu 9 na 11 ni kumi toa moja na kumi weka moja, 19 na 21 ni vile vile kwa ishirini, na 3 inakuwa 6, 4 inakuwa 8. Ukiangalia hivyo unasema aah, kweli. Kisha akakuja Mmarekani Alexander Marshack na mikroskopi yake, yeye akasema hapana, ni kalenda ya mwezi, mtu alikuwa anafuatilia siku. Wengine wanasema mikato ilikuwa tu ya kusaidia mkono usiteleze. Mimi sina diplome ya kuwaamua. Yenye ninajua ni kama mtu akikupa mikato 168, jioni nzima na chupa mbili za bia, lazima utapata mpango ndani yake. Na kujua namba yenye haigawanyiki, lazima ukuwe umeshajua kugawanya, na ushahidi wa kugawanya kule Ishango haujatoka. Kuhesabu, ndiyo, mimi naamini mtu alikuwa anahesabu kitu. Kompyuta, jamani tuache.

Sasa muangalie kichwa cha ule mfupa. Mafoto mingi yanakikata. Pale kwenye ncha kumechomekwa kipande kidogo cha kwarsi, jiwe gumu la kukatia ao la kuchorea. Kwa hiyo ule mfupa ni mpini! Ni chombo cha kazi. Kuna mtu alikuwa na kisu chake ao kalamu yake ya kuchongea, alikuwa anatembea nayo, inashikwa kila siku mpaka inakuwa laini, na juu ya hicho chombo akakaa chini akakata mikato moja moja kwa mpango wenye yeye alijua. Kwangu mimi hiyo inashinda kompyuta. Hesabu, mapambo na kazi viko pamoja mu kitu kimoja cha kuingia mfukoni, na mwenye alikifanya hakuona sababu ya kuvitenganisha.

Shida ni vile tulifundishwa. Wengi wetu wenye tulisoma huku tulikuta kitabu cha istware kinaonyesha kwanza mtu wa zamani mwenye manywele anapiga mawe, hiyo wanaiita viombo, ukurasa mwingine wanafungua pango la Ufaransa na ng'ombe wa rangi, hiyo njo sanaa. Viombo Afrika, sanaa Ulaya. Hakuna mwalimu alisema hivyo kwa kinywa chake, lakini kitabu kilikuwa kimepangwa hivyo na mtoto anashika mpangilio kuliko maneno.

Sina neno na Lascaux, lile pango la Ufaransa. Waliigundua 1940, ina miaka karibu 17,000, na wale ng'ombe ni wazuri mpaka unanyamaza. Chauvet, pango lingine la kule kule, yenye ilipatikana 1994 ni ya zamani zaidi, inafika miaka 36,000, na simba wake wametiwa kivuli vizuri kuliko wachoraji wengi wa mabango wa hapa mjini (samahani ndugu zangu). Lakini mujue kama hata Wazungu wenyewe walikataa kuamini. Kule Altamira, Uhispania, mwaka 1879, Marcelino Sanz de Sautuola aliingia pangoni na binti yake mdogo Maria, na ni yule mtoto njo aliinua macho akaona wanyama wa rangi juu ya dari. Baba alipotangaza, wataalamu wakubwa wakamwita mdanganyifu, wakasema washenzi wa zamani hawawezi kuchora vile. Alikufa 1888 na ile haya juu yake. Ni 1902 tu njo Émile Cartailhac, mmoja wa wale walimkataa, aliandika kuomba radhi. Kwa hiyo huyu babu wa zamani, hata kule kwao, walimkatalia akili yake kwanza. Sisi hatuko peke yetu mu hii kesi.

Na wenye wanapenda mashindano ya nani alianza, wajue ile rekodi inahamaga. Blombos, Afrika ya Kusini, wametoa kipande cha jiwe chenye mistari ya rangi nyekundu iliyokatana, miaka 73,000, na pale pale seti nzima ya viombo vya kutengeneza rangi, makombe ya konokono wa baharini yenye bado yana unga mwekundu ndani, miaka 100,000. Sulawesi, Indonesia, kuna nguruwe aliyechorwa na watu wadogo wadogo pembeni yake, 2024 wakatangaza ni zaidi ya miaka 51,000. Kesho wataleta ingine. Kujenga heshima yako juu ya rekodi ni kujenga pa kukodisha.

Mimi nilianza kuona haya mambo tofauti juu ya kitu ya kawaida sana ya hapa, mawe. Goma yetu iko chini ya volkano Nyiragongo, nyumba zimekaa juu ya lava, lupango ni lava, barabara lava, 1977 ikakuja, 2002 ikapita katikati ya mji mpaka ziwani, 2021 tena. Na kila mara moto ukishapoa, watu wanaingia na nyundo. Wapita njia hatuangaliagi. Siku moja nilisimama pembeni ya mzee mmoja anachonga mawe ya lupango, chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, imeegeshwa hapo inangoja. Alichukua jiwe, akaligeuza, akaligeuza tena, akaligonga kidogo na kusikiliza. Ile ya matundu matundu akaitupa pembeni bila hata kuiangalia mara ya pili. Ile nzito ya ndani akaiweka kati ya miguu, akatafuta pembeni yenye iko na kona kali, akapiga pale karibu na ukingo, mara moja. Kikatoka kipande chembamba, safi, kinakata kama wembe. Upande ukabaki bapa. Akageuza, akapiga.

Nikamuuliza, "Papa, unajuaje fasi ya kupiga?"

Akaniangalia kama mtu mwenye kupoteza saa yake. "Ukipiga hapa katikati inavunjika ovyo. Unapiga hapa pembeni. Sasa mwanangu, utanunua ao unauliza tu?"

Mambo yote ya viombo vya mawe vya kwanza yako mu ile jibu. Jiwe halitoi kipande kizuri kama kona yake imefunguka sana, inafaa iwe chini ya nyuzi 90, na unapiga karibu na ukingo, na nguvu yake inafuata ndani ya jiwe inatokea upande mwingine. Kule Lomekwi, pembeni ya ziwa Turkana, Kenya, timu ya Sonia Harmand ilitangaza 2015 mawe yenye yalipigwa hivyo miaka milioni 3.3 iliyopita. Mawe ya volkano, basalti na fonolaiti, mengine kilo 15! Mbele ya mtu sawa sisi kuwepo kabisa. Kulikuwa kiumbe kimoja chenye kiligeuza jiwe, kikalitazama, kikaona ndani yake kipande chenye bado hakijatoka.

Na kutoka pale unakuja kwa mashoka ya mkono. Mengine ya zamani sana, ya Kokiselei, pale pale Turkana, yana miaka milioni 1.76. Kama hamjawahi kuona foto yake, fikirini tone la maji limetengenezwa kwa jiwe, pande mbili zinalingana, ukingo unazunguka. Sasa, kukata nyama hauhitaji pande mbili zilingane. Kipande kile cha mzee wa mawe kinakata nyama vizuri sana bila kuwa na umbo lolote. Watu walitengeneza lile umbo zaidi ya miaka milioni moja, Afrika, Ulaya, Asia, na kule Olorgesailie, Kenya, yamelala chini mamia kwa mamia mpaka wakajenga njia ya mbao wageni wapite juu yao. Isimila, karibu na Iringa, mengine ni makubwa kupita mkono, unajiuliza nani alikuwa anayabeba na kwa kazi gani. Wataalamu wanabishana, wengine wanasema ule ulinganifu unatokea wenyewe tu ukinoa pande zote mbili. Labda kwa mengine. Lakini kuna mashoka yenye mtu ameendelea kupiga vipande vidogo vidogo wakati tayari lilikuwa linakata, na hapo mimi naona mtu mwenye alikuwa hajaridhika na kazi yake. Sanaa, kwangu, inaanzia pale, kwa fundi mwenye chombo kimeshaweza kufanya kazi na yeye bado anakigeuza mkononi.

Turudi Semliki sasa, juu ya kitu yenye inanishangaza zaidi ya ule mfupa, na haina hata post moja. Mu Katanda, kilomita chache tu chini ya Ishango ukifuata mto, Alison Brooks na John Yellen walichimba ncha za mifupa zenye miiba pembeni, chusa za kuvulia, na mwaka 1995 wakatangaza umri wa karibu miaka 90,000. Kelele ilikuwa kubwa, juu Ulaya viombo vya namna ile vinaanza kuonekana kisha makumi ya maelfu ya miaka kupita, na kuna wenye mpaka leo wanabisha ule umri. Pamoja na chusa kulikuwa mifupa ya kambare wakubwa sana. Munajua kambare anakujaga kwa maji kidogo karibu na ukingo wakati wa mvua kutaga, mtu mwenye akili anamngojea pale na chusa. Angalieni ile miiba foto yake: imekatwa moja moja, imepangwa, nafasi kati yake karibu sawa, na chini kuna mikato ya kufungia kamba. Hiyo labda ilikuwa siku nzima ya kazi kwa kitu chenye samaki mmoja anaweza kuzama nacho. Na ukitoka Katanda ukaja Ishango, makumi ya maelfu ya miaka, bado wanatengeneza chusa, bado samaki yule yule, mto ule ule.

Mtu ataniuliza, kama walikuwa na akili hivyo, mbona hawakutuachia mapango ya rangi? Swali ni zuri na jibu ni la kuchosha: udongo na mvua. Mapango ya Ufaransa ni ya mawe ya chokaa, mengine yalifungwa na maporomoko ya mawe, hewa haikuingia maelfu ya miaka. Msitu wetu una udongo wenye asidi, unakula mfupa mpaka unaisha, na mti, ngozi, kamba, rangi ya mwilini hata usiulize. Semliki ni bahati, matope yake yalifunika vizuri. Halafu kule wamechimba miaka mia na zaidi na makuta ya serikali, hapa kwetu mtafiti anakuja msimu mbili, vita inaanza, anarudi kwao. Kule Kalambo, mpaka wa Zambia na Tanzania, walikuta magogo mawili yamechongwa yakaingiliana, miaka 476,000, yamelindwa na maji tu. Ilitangazwa 2023. Magogo! Kwa hiyo tusipime watu wa zamani kwa vyenye vilibaki, tupime pia kwa vyenye viliweza kuoza.

Juu ya mawe makubwa ya kusimamisha nitasema kidogo tu, juu hapo njo watu wanapendaga kuleta maviumbe ya anga na mimi sina roho ya kubishana nao. Göbekli Tepe, Uturuki, nguzo za mawe za mpaka metre 5 na nusu, zimechongwa mbweha na nge na tai, karibu miaka 9500 mbele ya Yesu. Stonehenge, Uingereza, yale mawe makubwa yalisimamishwa kama 2500 mbele ya Yesu, na yale madogo ya bluu yalitoka Wales, zaidi ya kilomita 200. Na kwetu Afrika hatukukosa, Senegal na Gambia kuna miviringo ya mawe zaidi ya elfu moja, na jirani yetu kabisa wa kaskazini, Jamhuri ya Afrika ya Kati, pale Bouar, mawe yamesimama juu ya vichuguu vya mawe madogo, tazunu wanayaita, na sijawahi kusikia mtu mmoja wa hapa anayataja.

Lakini yenye ninapenda ni Lothagam, tena Turkana. Miaka 5,000 iliyopita wafugaji, watu wa kuhama na mifugo yao, walijenga jukwaa la mawe la upana wa metre 30, wakachimba shimo kubwa katikati, wakazika ndani yake watu wasiopungua 580, wazee, wanawake, watoto wachanga, wote pamoja, halafu wakafunika na kusimamisha nguzo. Karibu kila mtu alizikwa na urembo wake. Mmoja alikuwa na pambo la kichwa la meno ya panya wa jangwani, meno 405, fikirini mtu amekaa kukusanya meno ya panya. Na wachimbaji hawakuona kaburi la mkubwa likiwa mbali na la wadogo. Tulizoea kuambiwa jengo kubwa linaomba mfalme na kiboko nyuma yake. Hii yao ilikuwa salongo, ile kazi ya pamoja ya mtaa, bila ule mtu wa kartye mwenye anaandika majina ya wenye hawakuja. Wakati ziwa lilikuwa linakauka na kila mtu ana shida ya maji, wakatumia nguvu kwa fasi ya kukutana na wafu wao.

Basi, mfupa urudi ao usirudi? Swali hilo linaulizwa chini ya kila post. Mwaka 2022 mfalme Philippe wa Ubelgiji alileta Kinshasa kinyago cha Kakuungu, chenye kilikuwa kule kwao, kwa mkopo usio na mwisho, watu wakapiga picha, ikawa hivyo. Kwangu mfupa wa Ishango ni wa huku na siku moja ukuje. Ila tusidanganyane, ukipelekwa Kinshasa mu ile muze mpya ya 2019, nzuri sana wanasema, kwa mvuvi wa Kyavinyonge ni sawa na Bruxelles, kote anahitaji ndege. Na kuuleta hapa Kivu leo, na hali yenye tunaijua, mimi mwenyewe nitakataa.

Kwa sasa ninaomba kitu kidogo zaidi: nakala. Nakala ya kushika, ya kipimo cha kweli, na ile kwarsi kichwani, iwe mu shule za huku, pamoja na chusa moja ya Katanda na shoka moja la mkono, mtoto ashike vyote vitatu mbele ya kufungua kitabu. Plasta iko sokoni, mafundi wa kuchonga wako, hata mzee wa mawe anaweza kupiga lile shoka mbele yao mukimlipa siku yake. Yenye inakosekana ni vipimo sahihi, na hivyo Bruxelles wanavyo, vinaombwa kwa barua. Mwalimu mwenye yuko tayari kusaini na mimi aniandikie.